Nesi Waliyemwombea

Kanisani kwetu, kijijini Ziwa, mtoto anayeenda chuo kikuu huitwa mbele pamoja na mzazi wake. Mzazi hushika kipaza sauti, anataja kazi ambayo mtoto ataisomea, na kanisa zima linanyoosha mikono kuiombea. Kuanzia Jumapili hiyo mtoto anaitwa jina la kazi yake. Yuko msichana wa jirani ambaye hajamaliza hata mwaka wa kwanza, na tayari akina mama humwita Daktari na kumwonyesha magoti yao.

Mdogo wangu wa kike alipoitwa nilisimama naye, kwa kuwa wazazi wetu walifariki na mimi ndiye niliyemlea. Lakini baba mdogo alitutangulia. Akachukua kipaza sauti na kusema, "Huyu ni nesi wetu." Watu wakanyoosha mikono. Nilihisi bega la mdogo wangu likikakamaa chini ya mkono wangu, maana kozi aliyokuwa amechagua haikuwa unesi.

Tulienda kula kwa baba mdogo, na hapo ndipo mdogo wangu alipomwambia.

"Ni digrii ya sayansi, Baba. Bailojia, kemia, fizikia na hesabu, zote pamoja. Mbele ndiyo unachagua utaegemea wapi."

"Na ukimaliza unaitwa nani?"

"Mwanasayansi."

"Ng'ombe wangu akiugua nimwite mwanasayansi?"

"Ukitaka kujua ni nini kilichomfanya augue, ndiyo."

Baba mdogo alicheka, akasukuma sahani. "Mtu hapandi vitu vinne kwa shamba moja. Utavuna nini?"

"Si wewe mwenyewe umechanganya mahindi na maharagwe?"

"Hayo ni ya kula, mama. Si ya kuuza." Kisha akanigeukia mimi. "Kesho ndiyo mwisho wa kubadilisha kozi. Wewe ndiye mama yake. Mwambie."

Wote wakaniangalia. Niliacha shule darasa la saba. Sayansi ninayoikumbuka ni sehemu za ua na kuchemsha maji ya kunywa. Nikasema tutaongea nyumbani.

Nyumbani ni chumba chetu cha kupanga mjini, mtaa wa Kapsoya. Aliketi kitandani, akanipa simu nisome maelezo ya kozi. Niliyasoma yote, polepole, na nilipofika mwisho sikuwa nimeelewa kitu.

"Dada, sema tu," akaniambia. "Ukisema nesi, naweka nesi. Sitakasirika."

Ni heri angegombana nami. Alipokuwa na homa nilijua la kufanya. Walipomfukuza shule kwa sababu ya viatu, nilijua mlango wa kubisha. Sasa alikuwa ananikabidhi maisha yake yote, na mimi sikujua hata swali la kumwuliza.

"Ukisoma hizo zote utapata kazi?"

"Sijui."

"Na unesi?"

"Labda. Hiyo pia sijui."

"Wewe unataka gani?"

"Dada, nimekwambia mara ngapi?"

Alikuwa ameniambia tangu kidato cha pili, akinieleza kwa nini maziwa huganda na kwa nini umeme wa radi hupenda miti mirefu, huku mimi nikichambua mboga na kuitikia mhh.

"Basi acha ilivyo," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, maana ndiyo sauti aliyokuwa akiingojea. Akapumua, akanikumbatia, akachukua mtungi kwenda kuteka maji.

Mimi mwenyewe nilimpigia baba mdogo simu ili asisikie kwa watu. Nikamwambia kozi haibadilishwi.

"Kanisa limeomba, na wewe umepangua," akasema. "Akikosa kazi, usimlete hapa. Ni wewe umesema."

"Ni mimi, Baba."

Akakata. Nje, mdogo wangu alikuwa akicheka na wenzake bombani. Niliendelea kushika simu, nikitafuta ni nani mwingine ningeweza kumpigia nimwulize kama nimefanya vizuri. Hakukuwa na mtu.