Gasketi Aliyoikata Fundi

Fundi huyu hashiki spana kabla hajasikiliza. Siku mwalimu alipoleta gari lake lililobadilishwa injini, likinguruma kwa nguvu bila hata kukanyagwa mafuta, fundi alifumba macho akisikiliza, kisha akaziba njia ya hewa kwa kiganja. Injini haikuzima; ilikuwa ikipata hewa kwingine. Akapitisha brashi yenye maji kwenye maungio, taratibu kama anayempaka mtoto mafuta, hadi mngurumo ukashuka.

“Hapa ndipo panapovuta hewa,” alisema.

“Ni mume wangu huyo aliyeharibu,” mwalimu alidakia. “Nilimwambia asiguse. Wiki nzima hatusemeshani.”

Fundi alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kila neno linapomwia zito.

“Gasketi hii ya kuziba maungio niliikata mwenyewe, dada, nilipofunga injini. Mpigie shemeji, nimwombe radhi.”