Kila Nyumba Ina Masika

Jumatatu ile Baba alikuwa akishona sare za watoto wa jirani, na dada yangu Masika alikuwa akinisuka uwani huku akinifinya kila nilipotikisa kichwa. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na mitatu. Tulikaa Kanyabayonga, mtaa wa juu, ambako upepo hupanda kutoka tambarare ya Rwindi na kuangusha nguo kwenye kamba. Mama alikuwa akitwanga sombe ya majani ya muhogo, mdogo wetu Paluku amelala mgongoni mwake. Tukagombana mimi na Masika juu ya uzi mweusi. Nikamwita mchoyo, naye akaniambia basi nijisuke mwenyewe, akanyanyuka akaenda zake. Nilishinda hadi jioni na nusu ya kichwa.

Ndivyo alivyokuwa. Mkali, mwepesi wa kucheka, na akikasirika hasemi kitu, anaondoka tu. Nilimpenda kupita kiasi, ingawa wakati huo ungeniuliza ningekuambia namchukia.

Sisi Wanande hatuhangaiki kutafuta majina. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, ndiye mimi. Mwana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na foleni inaendelea hivyo. Padri huongeza jina la ubatizo, na dada yangu akawa Jeannette, lakini hilo lilikuwa la daftari la shule. Kwingine kote alikuwa Masika. Siku ya soko tulikuwa tukijificha nyuma ya ua, tunaita "Masika", halafu tunahesabu wasichana waliogeuka. Siku moja waligeuka saba na bibi mmoja mzee.

Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imekwisha kuanza, ila kwetu ilikuwa bado habari ya redio. Kisha wakaanza kupita watu wenye magodoro vichwani. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa Beni, upande wa Ruwenzori, na alikuwa ametuma neno zaidi ya mara moja kwamba kuna nyumba ya vyumba viwili na hakuna fundi cherehani mtaa mzima. Baba alikuwa akicheka tu. Jioni ya Jumatatu ile hakucheka. Alifungua cherehani skrubu moja moja, akaifunga kwenye blanketi, akasema, "Tunaenda Beni. Kule iko amani." Wale wanaojua mauaji yaliyoikuta Beni miaka ya baadaye watasikitika wakisikia hayo, lakini wakati ule yalikuwa kweli.

Tulipanda lori la maharagwe. Kayna tukapita tukiimba, Kirumba tukalala kwa mkatekista mmoja aliyejuana na Baba. Kutoka pale barabara inapanda, baridi inaingia, na tope la njia ile halina mfano. Siku ya pili, mbele kidogo ya Alimbongo, lori likazama hadi ekseli. Dereva akatushusha wote. Wanaume wakabaki kusukuma. Wanawake na watoto tukaambiwa tutangulie kwa miguu hadi juu ya mlima. Masika alibaki nyuma na Baba, maana alikuwa ameshika kapu la mikasi na nyuzi na hakutaka mtu mwingine aliguse.

Ukungu ulikuwa chini, nikiangalia nyuma nawasikia wanaume wakiitikiana kusukuma lakini siwaoni.

Mlio wa kwanza nilidhani ni gurudumu limepasuka.

Mama hakudhani hivyo. Alinishika shingoni, akanitupa mtaroni, akalala juu yangu.

Risasi zilitoka kwenye mikaratusi. Mtu alipiga kelele, akanyamaza.

Tukakimbia. Shamba la viazi, kijito, shamba lingine la viazi. Paluku alirukaruka mgongoni mwa Mama na hakulia.

Nilipoteza kiatu. Sikugeuka.

Mchana ulipofika tulijikuta kwenye kijiji kidogo chenye kanisa la mbao, watu kama arobaini, wote na tope hadi magotini. Hakuna aliyejua waliotupiga risasi walikuwa nani, askari au waasi au wengine tu wenye bunduki. Baada ya muda Baba akatokea kwenye kona, kapu mkononi.

Mama akatazama nyuma yake. "Masika iko wapi?"

"Si alikuja kwenu? Alisema anafuata mama yake, akaniachia kapu."

Baba aliweka kapu chini na kurudi alikotoka. Wazazi wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Tukabaki pale kanisani tukiusikia mlima mzima ukiita. Masika. Kambale. Kasereka. Masika. Kila mzazi aliita wake, na majina yalikuwa yale yale.

Saa tisa hivi likaja lori la Papa Salumu. Alikuwa mchuuzi wa Butembo, Mwislamu mwenye kofia nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo. Alikuwa amekwisha kubeba kundi la kwanza la watu waliokimbia hadi Lubero, bure, akamwaga mizigo yake kando ya njia ili wapate nafasi, kisha akarudi kuchukua wengine. Kama kuna watu watakaoingia peponi bila kuulizwa maswali, yeye yumo.

"Mupande," akasema. "Hii njo safari ya mwisho. Bale batu ya bunduki bako wanarudi, nikipita tu wanafunga barabara."

Mama hakuweza kusimama. Nyayo zilikuwa zimechanika, na Paluku alikuwa ameanza kuchemka homa. Akaniambia, "Kavira, kimbia kwa ule papa. Muulize kama Masika yetu alipanda safari ya kwanza."

Watu walikuwa wamelizunguka lori, kila mmoja akiuliza wake. Nilipita chini ya mikono yao, nikaning'inia kwenye mlango wa dereva.

"Papa, Masika alipanda?"

Aliniangalia kwa huruma. "Masika? Iko, mama mudogo. Musichana murefu kidogo. Nilimuacha ku Lubero, kwa masista. Alikuwa analilia mama yake."

Nilitaka kuuliza Masika yupi. Kweli nilitaka, neno lilikuwa mdomoni. Mimi niliyekuwa nikiwahesabu sokoni, nani angejua kuliko mimi? Lakini mtu mwingine alinisukuma, Papa Salumu akageuka kumjibu, na mimi nilikuwa nimekwisha kupata jibu nililolitaka.

Nilirudi mbio. "Mama, Masika iko Lubero. Kwa masista."

Mama alinitazama usoni. "Ulisema Masika Jeannette? Wa papa fundi, wa Kanyabayonga?"

"Ndiyo," nikasema.

Hakuniuliza tena. Alijikokota hadi ukingoni mwa barabara kumwita Baba. Siku zote alimwita Papa Masika, yaani baba wa Masika. Siku hiyo alimwita kwa jina la ubatizo, Déogratias, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Baba akapanda kutoka mashambani akihema. Alipoambiwa, akakaa chini akalia mbele za watu, kisha akatubeba mmoja mmoja kutuweka ndani ya lori.

Lubero tulifika jua likiwa bado lipo. Kwenye geti la masista kulikuwa na msichana aliyesimama mara tu aliposikia lori. Alikuwa mrefu kidogo. Alikuwa Masika. Hakuwa wetu.

Sista mmoja akamuuliza kwa furaha, "Masika, njo huyu mama yako?"

Msichana alimtazama Mama, kisha akaketi pale pale chini. Walikuwa wamemwambia mama yake anakuja. Sijui kati yao wawili nani aliumia zaidi. Ninachojua ni kwamba mimi nilijificha nyuma ya gurudumu.

Baba alirudi alfajiri kwa miguu kumtafuta Masika. Akasimamishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Alijaribu siku tano, njia kuu na njia za mashambani, na siku ya tano wakampiga kwa kitako cha bunduki, wakamwambia wakimwona tena hawatapiga kwa kitako. Nyuma yao mizinga ilikuwa ikisikika. Tukaendelea Butembo, na kutoka Butembo tukaenda Beni. Msichana yule tulikuwa naye. Jina lake la ubatizo lilikuwa Odette, wa Kayna, na wazazi wake hawakupatikana kamwe. Mama ndiye aliyesema, "Mutoto huyu hapana baki hapa," akamshika mkono akampandisha. Hakumwita Masika hata siku moja. Alikuwa Odette tu.

Miezi minne baadaye njia ilifunguka, Baba akaenda. Aliporudi alitukalisha wote, akatueleza mara moja tu, na sisi hatukumwomba arudie.

Masika alikuwa amekimbilia ghala la viazi la mwanamke mmoja, chini ya mlima uleule. Mwanamke akamfunika kwa magunia. Mchana wakamsikia Baba akiita. Masika akasema, "Ile ni sauti ya papa yangu." Mwanamke akamziba mdomo. Juma lililotangulia watu wa bunduki walikuwa wamepita wakiita kwenye ukungu, Masika, Kambale, kwa sauti za upole, na waliotoka hawakuonekana tena. Wale watu walikuwa wameelewa kitu. Katika nchi yetu huna haja ya kumjua mtu ili umwite kwa jina.

Asubuhi iliyofuata, mwanamke alipoona kumetulia, alimtoa ghalani akampandisha barabarani hadi kanisa la mbao. Hapakuwa na mtu. Sisi tulikuwa tumeondoka jana yake.

Alibaki kwa yule mwanamke akingoja lori. Siku ya nne mapigano yalirudi, na risasi ikampata shambani, akisaidia kuchimba viazi. Alizikwa mwisho wa shamba. Baba alisema kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri, na mwanamke alimpa gunia la viazi la kutuletea. Baba hakumlaumu. Tulivila viazi vile, maana njaa ilikuwapo.

Nilikua na jambo hilo ndani yangu. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu wa Kalunguta, nikazaa. Beni nayo ikaingia katika mabaya yake, tukazika majirani. Katika hayo yote hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mimi ndiye niliyeuliza jina moja badala ya mawili, kisha nikamdanganya mama yangu. Wakati mwingine nilimwona Odette akimwosha Mama miguu, nikawaza kwamba hata upendo huu uliingia nyumbani kwetu kwa njia ya uongo wangu, na sikujua niufurahie au niuogope.

Baba alifariki mwaka juzi. Siku chache baada ya matanga, watu walipokwisha kutawanyika, nilikuwa na Mama barazani tukimenya maharagwe mabichi. Odette alikuwa ameenda kusagisha mihogo. Nikamwambia. Sikujipanga, yalitoka tu.

Mama hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikaanza tena.

"Nilisikia, Kavira. Nilijua tangu siku ile. Ulirudi mbio sana. Mutoto mwenye ameuliza vizuri hapana kukimbia vile. Lakini mimi mwenyewe, juu ya nini niliita papa yenu Déogratias? Ningeita Papa Masika, wangepanda ba papa kumi. Basi nilijua majina yetu inafanya nini."

"Sasa juu ya nini hukuniuliza tena?"

Alipasua ganda jingine. Mikono yake ilikuwa imezeeka, lakini bado ilikuwa myepesi kuliko yangu.

"Ningekuuliza mara ya pili ungesema kweli. Papa yako angekataa kupanda, nasi tungebaki bote. Paluku alikuwa anawaka homa. Ile batu walikuwa wanarudi. Nilikuwa na batoto babili mu mukono na moja ku mulima, nikaamini ya kwako juu nilitaka kuiamini." Alitupa maganda kwenye karai. "Wewe ulikuwa mutoto. Ile ni yangu. Hapana nibebee."

Nililia, naye akaniacha nilie. Paluku yuko hai, ana duka la vipuri vya pikipiki hapo Butembo na watoto watatu, nami niko hapa naandika. Hilo nalo liko kwenye mizani, sikatai. Nilijaribu kumwambia Mama hivyo, kwamba labda wote tungekufa kwenye kanisa lile la mbao. Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo kila siku kwa miaka mingi.

"Labda," akasema. "Lakini ule bibi wa viazi alisema usiku ule kulikuwa kimya. Hapana mutu alikuja mpaka siku ya ine. Usiku moja tu, Kavira. Tungelala pale usiku moja."