Tonge la Papa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumapili baada ya misa, nilipomnyang'anya baba yangu tonge la bugali mbele ya wageni. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nilijiona najua kutunza mgonjwa kuliko mtu yeyote hapa Uvira.

Baba alilima mpunga kule Bwegera. Mshipa ulimpasuka kichwani akiwa shambani, damu ikavujia ubongoni. Alipotoka hospitali mkono wa kuume ulikuwa umelala na maneno yamempotea. Muuguzi aliyekuja nyumbani kumfanyisha mazoezi hakuleta mashine yoyote. Alisema baba awekewe bugali, amege mwenyewe kwa mkono ule ule mgonjwa, hata ikichukua saa nzima.

"Weye usimulishe," alinionya. "Papa yako haiko mutoto. Iko anasikia yote, na roho yake inamuuma kuliko mukono."

Wiki zikapita, vidole vikaanza kufunga. Asubuhi moja nikanyoosha mkono kumsaidia, naye akatamka neno lake la kwanza: "Minye." Yaani mimi, niache nile mwenyewe. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Basi Jumapili ile wakaja akina mama wa kwaya kumwona. Kwetu wageni wa mgonjwa hawaji bure. Wakitoka, mtaa mzima utajua anavyotunzwa. Nikaandaa bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mchuzi. Baba akamega, mchuzi ukamwagikia shati lake jeupe. Mama mmoja akaguna, "Aah! Na iko na binti mukubwa nyumbani!"

Aibu ikanipanda. Nikamshika baba mkono, nikalitoa tonge, nikamtilia kinywani.

"Minye," alisema baba. "Minye."

"Nyamaza, papa, unajichafua," nikamwambia, nikacheka pamoja na wageni.

Hakumega tena. Muuguzi alirudi, akambembeleza. Baba akageukia ukuta. Nilimlisha miaka sita, na neno lile sikulisikia tena mpaka tunamzika. Msibani akina mama wale wale walinisifu kwa kumtunza vizuri. Nilitamani kuwafukuza, lakini wa kufukuzwa nilikuwa mimi.

Leo mama yako, jirani yangu, ndiye amelala hapo kwa ugonjwa ule ule, nawe umeshika kijiko. Kiweke chini, mwanangu. Mwache amwage, mwache achelewe, usimmalizie tonge wala neno. Mgeni atakayeguna, mwonyeshe mlango. Mungu akupe subira niliyoikosa, amrudishie mama yako mkono wake, na siku atakaposema "minye", akujalie kumsikia.