Baba wa Wanjiru na Mwavuli wa Flashi

Leo nimepiga picha za familia nzima, nikamsahau baba.

Wanjiru wa Ruring'u amehitimu unesi, akaniita nyumbani kwao. Mimi bado najifunza kutumia flashi iliyo mbali na kamera. Niko na stendi nyembamba ya kuishikilia na mwavuli mweupe wa bei nafuu, ule wa kulainisha mwanga.

Upepo ukaangusha stendi.

Nikaisimamisha. Ikaanguka tena.

Mara ya tatu baba yake Wanjiru akainuka kwa kiti, na suti yake mpya, akaishika kwa mikono miwili.

"Wewe piga tu, mami. Nimeshika."

Nikapiga. Wanjiru na mama yake. Wanjiru na shosho, nyanya yake. Shangazi wote kutoka Kianyaga. Mwanga ulikuwa laini mpaka nikajisifu. (Mnajua vile huwa nachoma sura za watu kwa mwanga mkali.)

Jioni hii nimefika nyumbani miguu ikiwaka, nikafungua picha.

Baba hayuko hata kwa moja.

Nikampigia Wanjiru kuomba msamaha. Akaniambia:

"Na ndiye aliamka kabla yetu sote, kupiga suti pasi."

Nyuma yake nikasikia mzee akiuliza, "Ni yule wa picha? Muulize kama shosho yako ametoka vizuri."



Kesho narudi, hata kama mgongo unakataa. Mliotangulia kwa hii kazi, stendi huwa mnazifunga na nini? Niambieni leo. Kesho mzee anakaa kwa kiti.