Akina Stanton wa Landover

Ombeni Stanton, mzaliwa wa Same, dereva wa foklifti katika ghala moja la Landover, Marekani, hana tone la damu ya Kiingereza na hajawahi kudai kuwa nalo. Jina liliipata familia yake kwa njia ya kawaida. Babu yake alikuwa mpishi katika shamba la mkonge lililoongozwa na meneja aitwaye Stanton. Kambi ya wafanyakazi ikaitwa Kwa Stanton. Mwaka ambao baba yake Ombeni alipelekwa shule, mwalimu aliuliza kila mtoto ametoka wapi, akaandika jibu kwenye nafasi ya jina la ukoo. Baadaye meneja alirudi kwao, mkonge ukashuka bei, kambi ikaota vichaka. Jina likabaki, kama bakuli la jirani ambalo baada ya shughuli hakuna aliyekumbuka kulirudisha.

Alipofika Marekani aligundua kwamba jina lake lina mali. Washington kuna Bustani ya Stanton, kwa heshima ya waziri wa vita wa Rais Lincoln, ingawa sanamu iliyopanda farasi katikati ya bustani ni ya jenerali mwingine kabisa. Kuna Barabara ya Stanton upande wa kusini mashariki. Kuna Bibi Stanton aliyepigania wanawake wapige kura, na kuna miji ya Stanton huko Texas, Nebraska na Iowa. Yote ameiandika kwenye daftari gumu, watu ukurasa wa kushoto, mahali ukurasa wa kulia. Kila alikofika amepigwa picha chini ya kibao, mikono ubavuni, kama mtu anayeomba pasipoti.

Stanton ya Iowa aliifikia kwa gari, siku mbili njiani, pamoja na mkewe Benadetha. Mji huo una tangi la maji lenye umbo la birika la kahawa. Benadetha, Mhaya wa Bukoba aliyekulia katikati ya mibuni, alilitazama.

"Hawa wanalima kahawa?"

"Hapana. Mahindi."

"Sasa?"

Ombeni alimpa kamera, akasimama chini ya kibao. Walirudi.

Kwa ufupi, ni mtu mwenye ukoo mkubwa na ndugu wachache. Hilo halikumsumbua mpaka binti yao, Jacqueline, alipoleta habari kwamba kijana aitwaye Ethan Mugo anataka kumuoa, na wazazi wa Ethan, Wakikuyu wanaoishi Sterling, Virginia, wakataka mambo yafanywe kwa utaratibu. Baba yake, Mzee Festus Mugo, alipiga simu mwenyewe. Watakuja watu kumi na mmoja, Jumamosi, saa nane mchana.

"Na upande wenu, wazee ni wangapi?" aliuliza.

Ombeni alisema wapo.

"Poa. Lakini kama hawajafika, mzee, hakuna haraka. Sisi tutangoja."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Katika posa baba wa binti hasemi. Anasemewa na ndugu yake. Mama hamleti binti; analetwa na shangazi. Ndugu wa pekee wa Ombeni alikuwa Same na alikuwa amenyimwa viza mara tatu. Dada hakuwa naye. Kungoja wazee kulikuwa na maana ya kungoja ubalozi, na Jacqueline alishakuwa na miaka thelathini na moja.

"Tuko wawili," alisema Benadetha. "Mimi na wewe. Mtoto atachukuliwa kama mzigo ulioachwa mlangoni."

"Dad, just tell them," alisema Jacqueline, ambaye Kiswahili hukisikia chote na kukijibu kwa lugha nyingine.

Ombeni hakuwaambia. Jumatatu yake, ghalani, alimfuata Sekou Stanton.

Sekou ni Mmarekani mweusi, msimamizi wa mizigo inayotoka. Miaka sita iliyopita kadi zao za kazini ziligawiwa kinyume, na tangu siku hiyo wamekula chakula cha mchana pamoja. Kiswahili alijifunza chuoni, na anakizungumza kama mtu aliyevaa tai.

"Shikamoo, ndugu Stanton," alisema, ingawa wanalingana umri.

Ombeni alieleza shida yake. Sekou alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa baba mdogo."

"Ndiyo."

"Na shangazi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Sekou alikuwa na shangazi halisi, Bi Edna Stanton wa Beltsville, mstaafu wa posta, umri miaka sabini na minane, hajui neno la Kiswahili. Alipoelezwa aliuliza jambo moja tu: kama kutakuwa na wali.

Jumamosi ikafika. Kwenye uwanja mkubwa ulio jirani kulikuwa na mechi, barabara zote za Landover zikafungana, na wageni walichelewa saa moja na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya posa sababu ya kuchelewa kuwa ya kweli. Waliingia na makreti ya soda, mablanketi na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Nyuma kabisa alikuja bwana mnene aliyevaa agbada ya samawati, lile joho pana la Kinaijeria, akapita mlangoni kwa ubavu.

Mzee Mugo alikaa, akanywa maji, akakohoa.

"Tumesikia kondoo yetu imepotelea hapa."

"Karibuni," alisema Sekou. "Hata hivyo, kondoo wetu sisi tunawafahamu mmoja mmoja."

Wageni walitazamana. Hawakutegemea sarufi.

"Hiyo ni sawa," alisema Mugo. "Lakini kabla tuseme yetu, tujuane. Nyinyi ni Stanton. Sasa wewe na baba ya msichana, mnakutana kwa babu gani?"

Swali lilikuwa la Sekou. Alikuwa amejiandaa kwa methali tisa, ila hilo halikuwamo. Benadetha aliangalia sinia la ndizi kana kwamba limemwita. Ombeni, ambaye kwa utaratibu alipaswa kunyamaza, alisimama.

"Hatukutani," alisema. "Babu yangu alimpikia Stanton. Babu wa babu yake Sekou alikuwa mali ya Stanton, huko Virginia. Kama ni Stanton wa nyumba moja, sijui. Nimetafuta, nina daftari zima, sijaona. Nilimwomba aje kwa sababu ndugu yangu hana viza, na sikutaka mwanangu aulizwe kwenye nyumba isiyo na wa kujibu. Nisameheni."

Akakaa. Kutoka uwanjani umati ulipiga kelele, kwa sababu zake.

Bi Edna alimvuta Sekou mkono, akataka kujua kimesemwa nini. Sekou alimweleza. Bi Edna akanyoosha bakora yake kuelekea kwenye agbada.

"Shangazi anauliza," alisema Sekou, "yule bwana amekuja kama nani?"

"Huyo ni anko ya Ethan," alisema Mugo.

"Anauliza, wa upande gani?"

"Wa mama."

"Na jina lake?"

Mugo alisita. "Adebayo."

Mama Ethan, mzaliwa wa Nyeri, alianza kuchunguza zulia.

"Upande wa mama," alithibitisha Adebayo, ambaye alikuwa amefanya kazi na Mugo miaka tisa. Kiswahili chake chote kiliishia hapo.

Mzee Mugo alivua miwani, akaifuta, akairudisha mahali pake.

"Basi," alisema, "shangazi alete msichana."

Bi Edna aliingia chumbani alikokuwa Jacqueline. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Alipotoka alikuwa peke yake, akausimamia mlango.

"Shangazi anasema binti yuko tayari na amekubali," alisema Sekou. "Lakini anasema amefanya kazi posta miaka thelathini na moja, na hakuna kitu cha thamani kinachotoka bila sahihi ya anayepokea."

Hakuna aliyemfundisha kwamba shangazi ana haki ya kuzuia mlango. Wakikuyu waliipokea kwa heshima. Benadetha aliinama ili asionekane akicheka.

"Sahihi kweli?" aliuliza Mugo.

"Ya kalamu."

Karatasi ikatafutwa, haikupatikana. Kilichokuwa karibu ni lile daftari, juu ya televisheni. Ombeni alilifungua mahali penye nafasi, na Mzee Mugo akaandika jina lake kamili na tarehe, akatia sahihi. Bi Edna alisoma, akalinganisha na uso, akafungua mlango.

Harusi ni mwezi wa nane. Bi Edna amekwishapokea blanketi lake, na amepiga simu kuuliza kama shangazi hupewa moja tu. Ombeni bado anaongeza majina. Anayefungua daftari lake leo atakuta, ukurasa wa kushoto, waziri wa vita, kisha Bibi Stanton wa kura, kisha Festus Mugo wa Sterling, kwa wino wa bluu.