Tanuri Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Mbuzi akawahi.

Alipita katikati ya kwaya, glovu yenye damu mdomoni, mpira wa dripu umejisokota kwenye pembe. Wimbo ukakatika. Watu wote wakanigeukia mimi, muuguzi.

Ndugu zangu, someni kwanza, matusi baadaye.

Ilikuwa 2011, kwenye zahanati moja milimani Mbulu, jina lake nalihifadhi. Mimi ni Kissa, mtoto wa Tukuyu, serikali ilinipangia huko. Mradi ulitujengea tanuri la kuchomea taka za zahanati: tofali za kuchoma, bomba refu, mlango wa chuma, chokaa nyeupe. Kusema kweli lilikuwa zuri kuliko nyumba yangu.

Tatizo moja tu. Lilikuwa halijazinduliwa.

Na kitu ambacho hakijazinduliwa hakiguswi. Kamati ya afya ilikaa, ikakubaliana kwa kauli moja: mgeni rasmi hawezi kufungua tanuri lenye masizi, ni aibu kwa kijiji. Likapigwa kufuli. Mgeni akaahirisha mara tatu, miezi saba ikapita. Kila akiahirisha, sisi tunapaka chokaa upya. Akili kubwa!

Sindano na taka nyingine je? Shimoni, nyuma ya choo. Tulizungushia matawi ya miiba, ulinzi madhubuti kabisa, maana mbuzi wanajulikana kwa kuogopa miiba.

Basi siku hiyo ya uzinduzi, mbuzi alipofukuzwa, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Basili, akaninong'oneza.

"Sista, funikeni lile shimo haraka. Wamepiga simu, gari la mgeni limeshapita Bashay."

Mama Philomena, mhudumu wetu, akakimbia na mabua ya mahindi. Nikamfuata. Alivaa ndala. Buti za mpira tulizopewa zilikuwa stoo, nazo zinasubiri uzinduzi.

Akateleza. Mguu mmoja ukazama shimoni.

"Ni mwiba tu, Sista."

Haukuwa mwiba. Sindano ilikuwa imetoboa ndala ikaingia kwenye unyayo.

Nilimwosha kwa maji na sabuni. Sindano za wagonjwa wa kila aina zilikuwa mle shimoni. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zilikuwa hospitali, mbali, na kila saa inayopita ni hasara. Kijijini hapakuwa na gari.

"Sista," akaniuliza, "huyu mdogo nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Mtoto wake alikuwa na miezi minne. Nikamwambia hilo tutauliza hospitali. Niliona aibu.

Honi ikalia. Mgeni rasmi huyo.

"Mama asubiri hotuba kidogo," Mzee Basili akashauri.

"Samahani mzee, hasubiri hata dakika."

Nikamshika Philomena mkono hadi kwenye gari, nikaeleza kilichompata. Mgeni hakubisha. Akamwagiza dereva ampeleke hospitali papo hapo. Halafu akalitazama tanuri letu, jeupe pee.

"Kwani hamjalitumia?"

"Tulikuwa tunakusubiri, mheshimiwa," Mzee Basili akajibu.

"Mimi? Niliandika barua mara tu ujenzi ulipokwisha. Nilisema washeni, uzinduzi utafuata. Nilimwandikia mfawidhi, mkuu wa zahanati. Ni nani?"



Mfawidhi ni mimi.

Barua ilikuwa kwenye droo yangu. Ile hoja ya masizi niliipeleka mimi kwenye kamati. Nilitaka nipige picha na mgeni mbele ya tanuri jeupe, halafu nimwombe uhamisho kwenda Babati, kwenye umeme. Na ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu miezi yote saba.

Philomena alimeza dawa siku ishirini na nane. Vipimo vya kwanza, salama. Vya miezi mitatu, salama. Nilipomsomea majibu nililia mimi. Yeye alinyoosha mkono tu.

"Sista, lete ufunguo."

Nikampa kwenye kikao kilichofuata, mbele ya kamati nzima.

Uhamisho sikupata. Hadi leo, kisanduku cha sindano zilizotumika kikijaa robo tatu, naenda kwake: "Shikamoo mama, naomba ufunguo." Anaitikia, kisha anakagua kwanza nimevaa nini miguuni.

Wewe mwenye tanuri jipya linalosubiri kukatiwa utepe, liwashe leo. Mgeni rasmi akikuta masizi, mpe kitambaa afute mikono.