Ngazi ya Kukunja Aliyoiunda Mume Wangu

Mume wangu alikuwa karani wa forodha, na mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu. Sisemi hivi kwa kumkebehi, mwenyewe akijua. Hati yake ilikuwa nzuri hata watu wa mtaani wakija kumwomba awaandikie barua za posa. Lakini msumari ukichomoza kwenye kiti, akiutazama siku mbili tatu, kisha akikihamisha kiti.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Malindi, orofa ya pili, yeye, mimi na mama yake. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami sijatimiza mwaka tangu kuolewa. Dari ya nyumba ile ilikuwa juu sana, na marehemu baba mkwe wangu, ambaye nasikia alikuwa mrefu kupita kiasi, alitundika kila kitu kwa kimo chake. Saa ya ukutani ilikuwa juu, rafu ya masufuria ya shughuli ilikuwa juu, hata ndoano ya taa ilikuwa juu. Alikwenda zake akatuacha wafupi watatu tunanyoosha shingo.

Ngazi hatukuwa nayo. Jirani yetu wa chini, Mhindi muuza nguo, alikuwa nayo moja ya mti mzito, ambayo kuifikisha kwetu kulitaka wachukuzi wawili, na kila ikija ikikwaruza ukuta. Kwa hivyo kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nikiweka meza, juu ya meza kigoda, nami juu ya kigoda, nikaitia saa funguo.

Ijumaa moja kigoda kiliteleza. Mungu alininusuru nikaangukia godoro lililokunjwa pembeni, ila mkono wa kulia uliteguka. Wiki nzima sikuweza kukuna nazi. Mama mkwe alikuna yeye, na siku moja mume wangu alijitolea kumpumzisha. Akajikuna kidole, tukala wali mkavu.

Siku ile niliyoanguka, aliporudi kazini aliutazama mkono wangu uliofungwa kitambaa, kisha akaitazama saa ukutani. Nilidhani hakujali, nikanuna mpaka wakati wa kulala. Siku ya pili yake alirudi na karatasi kubwa iliyokunjwa, akaitandika juu ya meza.

"Nitatengeneza ngazi," alisema. "Ya kukunja, nyepesi. Utaibeba kwa mkono mmoja."

"Mkono gani?" nilimuuliza.

"Wowote."

Nikaacha kununa.

Mchoro wake ulikuwa mzuri, lazima niseme ukweli. Aliupiga kwa rula na wino, kila ubao na kipimo chake. Ngazi yenyewe ilikuwa fremu mbili: ya mbele yenye vidato saba, ya nyuma miguu mitupu, na juu zimeshikana kwa bawaba mbili, ili mtu akitaka kupanda azipanue, akimaliza azifunge kama kitabu. Juu ya karatasi aliandika kwa herufi za mapambo: Ngazi ya Kukunja. Mama yake alikuja na miwani yake, akaitazama karatasi kwa utulivu.

"Nzuri," alisema. "Itundike ukutani. Lakini usiitundike juu sana, hatutaifikia."

Mbao alizipata kwa jirani wa chini, aliyekuwa akiletewa nguo katika makasha ya msonobari. Msonobari ni mwepesi, na wepesi ndio alioutaka yeye. Msumeno, randa na keekee aliviazima kwa seremala wa mtaa wa pili, ambaye alimkabidhi kimoja kimoja, kwa huzuni, kama mtu anayeozesha mabinti watatu kwa siku moja.

Kila alasiri akirudi kazini, akivua kanzu yake na kofia, akivaa shuka na fulana, akishuka kwenye sakafu ya ukumbi kufanya kazi. Mama mkwe alikuwa akikaa kwenye mkeka wake pale pale akisuka ukili. Huyu bibi alikuwa mzaliwa wa Nungwi, baba yake na ndugu zake wote mafundi wa vyombo vya baharini. Amekulia katika harufu ya mbao. Lakini juu ya ujenzi ule hakutoa shauri hata moja. Alisuka tu, na mara moja moja akiinua macho.

Shida ya kwanza ilikuwa miguu. Alikata minne, tukaisimamisha, mmoja ukawa mfupi. Akaipunguza mitatu. Mara hii mwingine ukawa mfupi. Akaipunguza tena. Vidato saba vikawa sita. Siku ya tatu vikawa vitano.

"Mwanangu," alisema mama yake bila ya kuinua macho, "ukiendelea kukata hivyo utatupatia mbuzi nzuri ya kukunia nazi. Ile yetu nshaichoka."

"Mama, nnapima."

"Nnaona unavyopima."

Mimi niliingia jikoni nikaziba mdomo kwa ukaya wangu wa kichwani. Niliporudi, mume wangu alinitazama machoni.

"Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa natazama mchuzi."

"Mchuzi gani? Leo tunakula mihogo ya kuchoma."

Wiki mbili zilipita hivyo. Ukumbi ulijaa vumbi la mbao, tukawa tunaliona mpaka kwenye chai. Lakini vidato vilikaa sawa, na alivipiga msasa mpaka vikawa kama vya dukani. Bawaba alizifunga mwenyewe, mara ya kwanza nje ndani, mara ya pili sawasawa. Siku aliyomaliza aliiinua kwa mkono mmoja, akazunguka nayo ukumbini, akanipa nami nikazunguka nayo. Ilikuwa nyepesi kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshapona, na hata kama usingalipona, ningaliweza.

"Haya, nipande," nilisema.

"Hapana. Kwanza apande aliyeiunda."

Aliipanua chini ya saa. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu, nami kila siku nikiisugua kwa kumbi la nazi mpaka ing'are, jambo ambalo yeye hakulitia katika mchoro. Alipanda kidato cha kwanza. Alipanda cha pili. Hapo ngazi ikaanza kufunguka yenyewe, taratibu, fremu moja ikielekea mlangoni na nyingine dirishani. Haikuvunjika wala haikulia. Mume wangu aliteremka nayo pole pole, amesimama wima, uso wake hauna wasiwasi wowote, mpaka fremu zote mbili zikalala chini na yeye amekaa katikati.



"Kufunguka, inafunguka vizuri," alisema mama mkwe.

Hapo sikuweza tena, na jikoni palikuwa mbali. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akaanza kucheka naye, mwanzo kwa kujizuia.

Tulipotulia, mama mkwe aliweka ukili wake kando, akainuka, akaja kuinama juu ya ngazi. Alipitisha kidole gumba kwenye maungio.

"Haina cha kuizuia," alisema. "Miguu unaipanua, nani anaiambia ikome wapi? Toboa hapa na hapa, na kule nyuma hivyo hivyo. Nipatie kamba ya usumba wa nazi."

"Mama, ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ulipotandika ile karatasi."

"Na hukunambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa na rula."

Mume wangu alitoboa kwa keekee pale alipoonyeshwa. Mama yake akazipitisha kamba mbili, kulia na kushoto, baina ya fremu ya mbele na ya nyuma, akazifunga fundo dogo gumu ambalo mimi na mume wangu hatukuweza kulifuata, ingawa alilifunga mara mbili mbele yetu. Ngazi ikapanuka, kamba zikakaza, ikasimama. Tuliitikisa wote watatu, haikusogea. Jioni ile baada ya kula nilimwona mume wangu ameutoa mchoro wake na wino, anazichora zile kamba mahali pake. Pembeni aliandika kwa hati yake nzuri: shauri la mama.

Ijumaa iliyofuata nikagundua jambo jengine. Alisema saa ataitia funguo yeye. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akasimama pale. Nilingoja. Sikusikia mlio wa ufunguo. Nilipozunguka mbele nikamwona amefumba macho na ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili.

"Kuna nini?"

"Nnapumzika."

"Vidato vitatu?"

Mama yake akasema kutoka chumbani, bila hata ya kuja kutazama: "Mteremshe huyo. Alipokuwa mdogo tulimpeleka shamba kuchuma karafuu, akachuma za chini tu, msimu mzima."

Nilimshika kiuno akateremka. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtania siku ile, na mengine niliyasema baadaye, miaka mingi. Lakini nilipotazama ile ngazi nikafahamu kwamba tangu alipoupiga mstari wa kwanza alikuwa anajua hatoipanda. Nikamwambia tu, "Shika huku chini, nipande mimi." Akaishika kwa nguvu zake zote, na tangu siku ile ndivyo ilivyokuwa: mimi juu, yeye chini, ananielekeza jinsi ya kuzungusha ufunguo ambao hajapata kuuzungusha.

Habari zilienea mtaani. Jirani wa chini aliiazima sikukuu yao ya Diwali ilipokaribia, apake chokaa na kutundika taa zake, akairudisha pamoja na sahani ya vitamu vya laddu na maneno mazuri. Watu waliposimama barazani kuitazama, mume wangu aliwakunjia na kuwakunjulia. Walipomtaka awaonyeshe jinsi ya kupanda, akisema ana haraka ya msikitini.

Mwaka uliofuata tulikwenda Nungwi kwenye arusi ya mtoto wa ndugu yake mama mkwe, na mama mkwe akashikilia ngazi iende nasi, kwa kutundikia mapambo. Ikapanda juu ya gari la shamba pamoja na kuku na mikungu ya ndizi. Yule ndugu yake mama mkwe, fundi mkongwe wa majahazi, aliipokea pale gari liliposimama. Shikamoo zetu aliziitikia macho yake yako kwenye ngazi. Aliifungua, akaifunga, akaigonga kwa ukucha.

"Nani kaiunda?"

"Mimi, mjomba," alisema mume wangu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mti huu ni wa makasha."

"Naam, mjomba. Wa makasha."

Mzee akatikisa kichwa, akaibeba begani akaenda nayo. Siku ya tatu, tulipokuwa tunafunga mizigo, tulimkuta pwani amesimama juu yake, anatia pamba katika nyufa za mbao za chombo, maji yasipite, na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kushuka. Mume wangu alikwenda kumuaga. Alirudi bila ya ngazi, anatembea kama aliyepewa cheo.

Ndani ya gari alisema ataunda nyingine, na hiyo ataitia rangi ya buluu. Mimi nikasema kijani. Tulibishana mpaka gari likafika Mahonda. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha mbele amejifunika buibui lake na tukidhani amelala, akasema mbao mbichi hazipakwi rangi, zingoje kwanza mwaka mzima zikauke. Mume wangu alitoa kalamu mfukoni akaliandika hilo kwenye kiganja chake.